Chaza Mkubwa na Maji ya Mto Athi

Leo nataka tuzungumze juu ya mnyama ambaye wengi wenu hamjapata kumwona, kwa kuwa makao yake ni bahari, nasi tuko bara, karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mnyama huyo ni chaza mkubwa. Wako watu wanaomfuga nyumbani, ndani ya tangi la kioo sebuleni, pamoja na matumbawe na samaki wa rangi rangi. Najua kuna mama mmoja jikoni anasema, "Hayo ni mambo ya matajiri, sisi yatuhusu nini?" Mama, subiri kidogo, tutafika.

Katika pwani ya Kenya wako chaza wakubwa. Mmoja wataalamu humwita Tridacna maxima, naye hujichimbia katika mwamba mpaka ukaona midomo yake tu. Wa pili ni Tridacna squamosa, ambaye gome lake lina magamba yaliyosimama kama vigae. Hawa hawazidi sana sentimita 40. Yule jitu lenyewe, lipitalo mita 1 kwa urefu na kilo 200 kwa uzito, hukaa mbali, kuanzia Asia ya Kusini-Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki. Magome mawili ya jitu hilo yamo katika kanisa la Saint-Sulpice, Paris, ambapo hutiwa maji ya baraka. Zamani Jamhuri ya Venice ilimzawadia Mfalme François I. Sisi Waprotestanti hatuna desturi hiyo, lakini aliyeyachagua alikuwa na macho ya kuona uzuri.

Sasa, chaza huyu anakula nini? Hapa ndipo penye ajabu. Yeye ni mkulima, na shamba lake limo mwilini mwake. Afunguapo gome hutandaza nyama laini yenye rangi ya buluu, kijani au kahawia, na ndani ya nyama hiyo wanaishi mwani wadogo mno, wasioonekana kwa macho. Mwani hao hupokea mwanga wa jua wakatengeneza chakula, nao humgawia mwenye nyumba sehemu kubwa ya walichotengeneza. Yeye huwapa makao na mbolea. Chakula kingine hukichuja majini. Kwa hiyo ukimnyima mwanga umemnyima chakula, hata kama maji ni masafi namna gani.

Basi anayetaka kumfuga ajue gharama kabla ya kununua. Kwanza taa: taa kali, inayowaka saa nyingi kila siku, wala si ile ya kusomea gazeti. Pili maji: chumvi kama gramu 35 kwa kila lita, na joto la nyuzi 25 au 26, mchana na usiku. Baridi yetu ya Julai mnaijua, na stima yetu mnaijua vilevile. Ikikatika usiku, maji yanapoa na pampu inasimama. Tatu, chaza anajenga gome maisha yake yote, naye hulijenga kwa chokaa aitoayo majini. Kalisi ikishuka chini ya miligramu 400 kwa lita, ujenzi hupungua. Na msidhani kwamba maji ya kisima ya hapa kwetu yatafaa kwa kuwa yana chumvi chumvi. Chumvi hiyo si ya bahari, na visima vingi vya upande huu vina floridi nyingi. Maji hayo yasafishwe kwanza kwa mtambo wa kuchuja mpaka yabaki maji matupu, ndipo itiwe chumvi maalumu ya bahari. Tena tangi lisiwe la juzi. Liachwe miezi kadhaa litulie, likishika hali moja bila kuyumba, kisha ndipo chaza aingie.

Akiisha kuingia, usimsumbue. Hujishika mwambani kwa nyuzi zake ngumu, na ukimng'oa kwa nguvu nyuzi hizo huchanika pamoja na nyama, akafa kwa kidonda hicho. Wako konokono wadogo kama punje ya mchele, hutoka usiku wakamfyonza. Mwenye tangi achukue tochi amkague chini na ukingoni. Samaki wakiugua, asimwage dawa ya shaba ndani ya tangi hilo, maana shaba itamwua chaza kabla ya kumponya samaki.

Utamjuaje kuwa ni mzima? Pitisha kivuli cha mkono juu yake. Ukingoni mwa nyama ana vijicho vidogo mamia, na chaza mzima akiona kivuli hujikunja mara moja. Mgonjwa hukaa ameachama tu. Tazama pia ukingo wa gome: akiwa anakua utaona mstari mweupe mpya, safi kama jino la mtoto.

Mimi kwa maoni yangu, mtu asiyeweza kulipa taa na kupima maji juma baada ya juma, heri amwache chaza baharini. Na anayeweza, amtafute aliyezalishwa na wafugaji, kazi ambayo watu wa visiwa vya Palau waliianza katika miaka ya 1970, asimtafute aliyeng'olewa mwambani. Tangu mwaka 1985 chaza wakubwa wote wamo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, na Kenya ni mwanachama. Kumvusha mpaka kwataka kibali. Na katika hifadhi za bahari za Malindi na Watamu, zilizowekwa mwaka 1968, huruhusiwi kuokota hata gome tupu.

Mama wa jikoni, sasa zamu yako. Wewe usiye na tangi, unaye chaza. Mto huu unaopita hapa Athi River, baada ya kukutana na mto Tsavo huitwa Galana, kisha Sabaki, nao unaingia baharini kaskazini kidogo ya Malindi. Upepo wa kaskazi uvumapo, maji yake yenye matope husukumwa kusini, kuelekea mwamba ule ule wa hifadhi. Matope yakitanda majini, mwanga haufiki chini. Ni sawa na kumzimia chaza taa, ila tangi hili halina mtu wa kuiwasha.

Wala si maneno ya kubuni. Mwaka 2007 wataalamu walichapisha habari za tumbawe la Malindi lenye umri wa miaka 300. Tumbawe hukua tabaka kwa tabaka kama mti, na ndani ya tabaka walipima madini ya bari, ambayo huletwa na udongo wa mto. Karne mbili za kwanza yalikuwa machache. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 yakapanda, na kuendelea kupanda.

Wazee wa Ukambani wanazikumbuka habari za wakati huo. Serikali ya kikoloni ilisema mifugo imezidi, nayo ndiyo inayoharibu udongo. Ng'ombe wakachukuliwa kwa nguvu na kuuzwa kwa bei duni, na kiwanda cha nyama cha Liebig kilikuwa hapa hapa Athi River. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya Wakamba kwenda Nairobi, wakakaa huko majuma kadhaa wakidai mifugo yao. Amri ile haikuuponya udongo. Kilichofaa kilikuja baadaye kwa mikono ya wakulima wenyewe, hasa akina mama katika vikundi vyao vya mwethya: matuta ya fanya juu. Unachimba mtaro ukikingama mteremko, udongo unautupa upande wa juu, unapanda majani juu ya tuta. Mvua inakuja, udongo unanaswa nyuma ya tuta, na baada ya misimu michache shamba limekuwa ngazi. Watu wa nchi nyingine wamekuja Machakos kujifunza jambo hilo, nao huliita kwa jina lake la Kiswahili.

Lakini matuta hubomoka, na mashamba mengine hayajapata hata moja, na ukingo wa mto kila mwaka unachimbwa mchanga wa kujengea. Mvua za vuli zitakapoanza, mwezi wa Novemba, mtakapovuka daraja la Mto Athi katika barabara ya Mombasa, tazameni chini mwone rangi ya maji. Kaskazi nayo huanza karibu na siku hizo hizo.