Aliyekuja Kukaa na Bibi Aisha



Ndugu zetu waheshimiwa, kina mama na kina baba, usiku huu baada ya tarawehe tunapenda kuzungumzia jambo linaloingia majumbani mwetu bila ya kupiga hodi: watoto wetu kutukanwa na kufanyiwa istihzai katika simu.

Wazee wetu wengi walikuja Oman kutoka Zanzibar baada ya 1964, na wengine zaidi baada ya 1970. Baadhi yao walichekwa kwa lafudhi ya Kiarabu chao. Lakini dhihaka ile ilibaki nje walipofunga mlango. Ya leo humfuata mtoto hadi kitandani, na darasa zima linatazama.

Tukumbuke kisa cha Ifki. Bibi Aisha, Allah amridhie, alisingiziwa, na uvumi ukaenea Madina kabla yeye mwenyewe hajaujua. Alipoujua alilia mausiku mawili na mchana mmoja, asipate usingizi. Aya za kumtakasa, zilizomo katika Surat An-Nur, ziliteremka baada ya kiasi cha mwezi. Kabla ya hapo, mwanamke mmoja wa Kiansari alibisha hodi, akaketi, akalia pamoja naye. Riwaya haikumtaja jina, wala nasaha yoyote aliyoitoa. Imetaja kuwa alikaa.

Nasi je? Mtoto akitueleza, twamwambia apuuze, au twamnyang'anya simu. Mara ya pili hatueleza tena, kwani amejifunza kuwa kusema ni kuadhibiwa. Wala tusidhani kuwa huzuni yake ni upungufu wa imani. Aliyelia katika kisa hiki ni Mama wa Waumini.

Basi kwanza tukae naye, tumsikilize mpaka amalize. Kisha tuyahifadhi maneno yale kabla hayajafutwa, tuzungumze na skuli. Sheria ya Oman ya makosa ya mtandao ya mwaka 2011 inatulinda. Akikosa usingizi, akisusa futari siku baada ya siku, tumpeleke kwa daktari. Akisema hataki kuishi, tusingoje asubuhi, wala tusione aibu.

Tuwaulize pia wanetu kama wao ndio wanaocheka. Aya ya 11 ya Surat Al-Hujurat imekataza kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli. Kinywa kikifunga, na kidole kinachoandika kifunge pia.

Allah awahifadhi watoto wetu, na atujaalie tuwe wenye kuketi nao. Amin.

Wabillahi tawfiq.