Kabla ya Kulipia Trekta Lililotumika: Mazungumzo na Wakulima wa Nyasi



Sikuja leo kuwauzia kitu wala kuwatajia duka. Nimekuja tuzungumze juu ya ununuzi ambao waweza kuinua boma au kulifilisi: trekta lililokwisha kutumika, la kufungia nyasi kavu.

Mzee mmoja alituletea malalamiko. Alikuwa na ekari nane za boma rhodes. Aliuza ng'ombe watatu, akaongeza mkopo wa chama, akanunua trekta lenye rangi mpya ya kung'aa. Mashine ya kufungia nyasi aliazima kwa jirani. Shambani, kila alipokanyaga klachi ili apunguze mwendo penye nyasi nyingi, mashine nayo ilisimama, nyasi zikasongamana mdomoni mwake. Alizima injini, akashuka, akazing'oa kwa mikono, akaanza upya. Siku ya tatu mvua ikanyesha juu ya nyasi zilizolala chini. Trekta lile halikuwa bovu. Halikuwa la kazi ile. Muuzaji hakuulizwa, naye hakusema.

Basi swali la kwanza lisiwe bei, bali kazi. Mashine ndogo ya marobota ya pembe nne huhitaji nguvu farasi zipatazo 35 kwenye shafti ya nyuma, ile mafundi waiitayo PTO. Nguvu inayotajwa ya injini si ile inayofika kwenye shafti. Massey Ferguson 135, trekta mnalolijua sana, lina injini ya silinda 3 yenye nguvu farasi kama 45. Kwenye shafti hubaki chini ya 40. Latosha mahali tambarare. Penye miinuko, likivuta mashine pamoja na mkokoteni wa marobota, litahema. Huko tafuteni lenye nguvu farasi 60 au zaidi, tena zito. Mashine ya kufungia huweza kuzidi tani moja, na kwenye mteremko huisukuma trekta nyepesi kama fahali amsukumavyo ndama.

Swali la pili ndilo lililomponza mzee wetu. Shafti ya kazi hii huzunguka mara 540 kwa dakika, na haifai isimame kila trekta linaposimama. Matrekta mengine yana klachi ya hatua mbili: ukikanyaga nusu, magurudumu husimama na shafti huendelea, ukikanyaga hadi mwisho, vyote husimama. Mengine yana shafti inayojitegemea kabisa. Yako pia yenye klachi ya hatua moja, na hata MF 135 ziliuzwa kwa namna zote mbili, kwa hiyo jina la trekta pekee si ushahidi. Jaribuni wenyewe: washeni shafti bila kufunga chombo, watu wakae mbali, tieni gia ya chini, kisha kanyageni klachi polepole mkitazama nyuma.

Sasa ukaguzi. Fikeni mapema, bila kuagana saa kamili, na mguse injini kabla haijawashwa. Ikiwa ina joto, ulizeni kwa nini. Huenda ni ngumu kuwaka ikiwa baridi. Ikishawaka, tazameni moshi. Wa buluu hueleza kwamba oili inaungua ndani. Mweupe usiokoma waweza kuwa maji au dizeli isiyoungua. Mweusi mzito huashiria nozeli mbovu au chujio la hewa lililoziba. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji ndani yake: ondokeni hapo.

Msiiamini saa ya injini, kwani hubadilishwa. Tazameni pedali zilizolika, usukani unaocheza, na meno ya shafti ya nyuma. Inueni chombo kizito kwa haidroliki, mkiache juu injini ikiendelea kuunguruma, mwone kama kinashuka. Chunguzeni oili ivujayo karibu na magurudumu ya nyuma, kwa kuwa hufikia breki. Pigeni hesabu ya matairi ya nyuma, maana bei yake peke yake yaweza kugeuza bei nafuu kuwa ghali. Na kama kifuniko cha kinga ya shafti hakipo, dai kiwekwe. Mizunguko 540 kwa dakika ni mizunguko tisa kwa sekunde. Nguo ikinaswa, hakuna muda wa kupiga kelele.

Karatasi nazo ni sehemu ya trekta. Linganisheni namba ya chasisi na ya injini na zile za logibuku. Thibitisheni mwenye jina katika NTSA. Tafuteni pia katika rejista ya dhamana iliyowekwa chini ya sheria ya mwaka 2017 ya mali zinazohamishika, msije mkanunua deni la mtu. Kila ahadi ya muuzaji iandikwe na kutiwa sahihi, kuanzia nguvu ya trekta hadi hali ya klachi. Ibara ya 46 ya Katiba yawapa haki ya bidhaa zenye ubora ufaao na ya kupata habari mnazohitaji, na ipo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012. Lakini haki isiyo na karatasi huchoka njiani.

Mwisho, hesabuni marobota yenu ya mwaka mzima. Ikiwa gharama ya kukodi trekta la jirani ni ndogo kuliko mkopo, mafuta na fundi, kodini bila aibu.

Mzee yule hatimaye aliliuza trekta lake kwa mkulima wa kulima tu, akamweleza wazi klachi ilivyo. Hasara yake ilikuwa thamani ya ng'ombe mmoja. Kuuliza si ujinga, ndugu zangu. Kungemwachia ng'ombe huyo zizini.