KODI YA MAJENGO NA KAZI YA MTHAMINI
Mazungumzo ya Afisa Habari kwa watumishi na wakaazi wa Wilaya za Karagwe na Kyerwa



Naomba nieleze jambo linalozungumzwa sana vijiweni na ambalo aghalabu huzungumzwa kimakosa. Wapo wananchi wanaoamini kwamba mthamini akiingia uani na kuandika kuwa nyumba ni nzuri, kodi ya nyumba hiyo hupanda. Kwa hiyo afikapo humficha vyumba, humwambia kuwa paa linavuja, na huyataja mambo ya nyumba zao kwa unyonge ambao hawangeukubali mbele ya jirani. Hofu hiyo haina msingi, na humgharimu mwenye nyumba.

Hofu yenyewe ina asili yake. Utawala wa Kijerumani ulianza kutoza kodi ya kibanda mwaka 1898, na Waingereza wakaendelea na kodi ya kibanda na ya kichwa. Wazee wetu walijua kuwa mgeni anayehesabu nyumba hakuja kwa heri. Hata kodi ya maendeleo, ambayo wengi wetu tuliilipa, ilifutwa mwaka 2003 tu.

Ama kodi ya majengo ya leo, chimbuko lake ni sheria ya mwaka 1983 iliyotungwa kwa ajili ya mamlaka za miji. Sheria hiyo ilikusudia kila jengo lithaminiwe, liingizwe katika daftari la uthamini, na mwenye jengo apate fursa ya kupinga asiporidhika. Lakini kuthamini majengo yote ni kazi ya gharama kubwa, na majengo mengi hayakufikiwa. Mwaka 2016 ukusanyaji ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato Tanzania, na mwaka 2018 kikawekwa kiwango kimoja cha shilingi 10,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida. Tangu mwaka 2021 kodi hukatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na Julai 2023 ikawa shilingi 1,500, yaani shilingi 18,000 kwa mwaka. Majengo ya ghorofa yana kiwango chao, ambacho nacho kilipanda kutoka 5,000 hadi 7,500 kwa mwezi.

Tazameni basi. Nyumba ya kawaida yenye vigae na nyumba ya kawaida yenye bati lililochakaa hulipa sawasawa. Kama hilo ni haki au si haki, waheshimiwa wabunge wanalo la kusema. Mimi naona lina kasoro yake. Ila maadamu ndivyo lilivyo, kumficha mthamini chumba hakupunguzi hata senti moja ya kodi hii.

Kinachopunguza au kuongeza ni kumbukumbu za mita. Chukueni mfano wa nyumba moja ya kupangisha pale Omurushaka, yenye fremu nne na kila fremu ina mita yake. Kila mita ikikatwa, nyumba moja italipa shilingi 6,000 kwa mwezi badala ya 1,500. Kwa mwaka ni shilingi 72,000 badala ya 18,000. Mwenye nyumba hana budi kwenda ofisi inayohusika na namba za mita zote ili kodi ibakie katika mita moja. Na mpangaji afahamu kuwa mdaiwa ni mwenye nyumba. Fedha aliyokatwa katika umeme ni haki yake kupatana na mwenye nyumba ipunguzwe katika pango, naye ahifadhi risiti, maana bila risiti maelewano huwa magumu. Asiyenunua umeme miezi mitatu asishangae kukatwa 4,500 kwa mara moja.

Liko jambo linalonisikitisha zaidi. Mzee aliyefikia umri wa miaka 60, anayeishi katika nyumba yake mwenyewe, amesamehewa kodi ya nyumba hiyo. Vivyo hivyo mwenye ulemavu asiye na kipato. Nyumba za makazi za nyasi na za udongo, pamoja na msonge wa asili, hazimo kabisa katika kodi hii. Lakini mashine ya umeme haijui umri wa mtu. Bibi mjane ambaye mita yake ingali katika jina la marehemu mume wake, au la mwanawe aliye Mwanza, ataendelea kukatwa mpaka mtu amsaidie. Watendaji wa vijiji na mitaa, kazi hiyo ni yenu: kumtambulisha kwa barua, kuthibitisha kuwa nyumba ni yake na ndimo anamoishi, na kumwelekeza ofisi inayohusika. Kwa upande wa Kyerwa, hati na mikataba ya kabla ya mwaka 2012 hutaja Wilaya ya Karagwe, kwa kuwa wilaya ilikuwa moja. Mwananchi asirudishwe nyumbani kwa sababu hiyo.

Sasa nirudi kwa mthamini. Huyu huja kwa mengine: fidia ya barabara au mradi, mkopo wa benki, mirathi, mauzo. Mahali ambapo nyumba huuzwa na kununuliwa hutazama bei ya soko. Katika vibanja vyetu, penye migomba, mibuni na makaburi ya wazee, nyumba haiuzwi ovyo na soko halionekani. Hapo hukadiria gharama ya kujenga nyumba kama ile leo, kisha hupunguza kwa uchakavu. Katika fidia, mazao nayo huhesabiwa, pamoja na usumbufu na usafiri. Sasa fikirini mtu aliyemficha vyumba viwili akikwepa kodi isiyokuwepo: barabara ikipita, atalipwa fidia ya nyumba ndogo kuliko aliyoijenga. Mwonyesheni jiko, choo, kisima na ukuta. Ombeni kuona alichoandika kabla ya kutia sahihi, na asiyejua kusoma asomewe na mtu anayemwamini.

Kodi ya pango la ardhi, inayolipwa na mwenye hati, ni jambo jingine, na kodi ya mapato ya kupangisha ni jingine tena. Zisichanganywe na hii.

Ndugu Mwenyekiti, wenye risiti za LUKU wazitoe sasa, tuanze na wazee.