Uzuri wa Mkakasi: Kusoma Kibandiko Kabla ya Kununua Vipodozi

Mazungumzo ya afya ya umma kwa wakazi wa Kitui na Makueni



Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi ni kikasha cha mbao kilichotiwa nakshi, cha kuwekea vitu vidogo vidogo. Kwa nje kinapendeza, lakini anayekifungua hukuta mti mtupu. Siku hizi mkakasi umekuwa kopo la plastiki lenye picha ya uso unaong'aa, na unapatikana katika kila soko, kuanzia Wote na Kibwezi hadi Mwingi na Mutomo. Mazungumzo haya yanahusu upande wa pili wa kopo hilo, ule wenye maandishi madogo ambayo wanunuzi wengi huyapita bila kuyasoma.

Miongoni mwa maneno yanayozidi kuonekana kwenye vipodozi vinavyoagizwa kutoka nje ni yale yasemayo kwamba bidhaa haina gluteni. Muuzaji huyataja kama sifa, na mnunuzi huongeza pesa bila kuuliza ni sifa ya kitu gani. Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai. Ndiyo inayoufanya unga wa chapati uvutike unapokandwa. Mahindi, mtama, wimbi, mawele, ndengu, kunde na mbaazi hazina gluteni. Familia inayokula muthokoi, isyo na ugali wa mtama inaweza kumaliza siku nyingi bila kuigusa, hadi siku ya chapati au mkate.

Kwa watu wengi gluteni haina madhara yoyote. Kuna makundi mawili ambayo lazima yajihadhari. La kwanza ni la wenye ugonjwa wa siliaki. Mgonjwa wa siliaki akila gluteni, kinga ya mwili wake hushambulia utumbo mdogo. Huenda akaharisha kwa muda mrefu, akapungua uzito au akaishiwa na damu, na mtoto huenda akadumaa. Kundi la pili ni la wenye mzio wa ngano. Hao wakila ngano huweza kuwashwa, kuvimba midomo na macho, na wakati mwingine kushindwa kupumua. Magonjwa haya mawili hayafanani, na ni hospitali inayoyathibitisha, wala si jirani au muuza duka.

Je, mgonjwa wa siliaki anapaswa kuogopa losheni ya mikono? Gluteni humdhuru inapoingia tumboni, na haipenyi ngozi nzima ikafika kwenye utumbo. Kwa hiyo mafuta ya miguuni au rangi ya kucha si jambo la kumkosesha usingizi. Jambo la kuangalia ni midomo. Rangi ya mdomo na mafuta ya kulainisha midomo hulambwa na kumezwa kidogo kidogo mchana kutwa. Mikono nayo, ikipakwa krimu kisha ikamega ugali kabla ya kunawa, hubeba krimu hiyo hadi kinywani. Mtoto mchanga humnyonya mama mahali palipopakwa mafuta. Basi mwenye siliaki achague kwa makini vitu vya midomoni, anawe mikono kabla ya kula, na asitumie fedha nyingi kwa vitu vingine kwa sababu ya neno moja lililoandikwa kwenye kopo.

Mwenye mzio wa ngano ana sababu zaidi ya kuwa macho, na funzo linatoka Japani. Huko iliuzwa sabuni ya kuosha uso iliyotiwa protini ya ngano iliyovunjwavunjwa kiwandani. Watu waliosha nyuso zao kila siku, na protini ile ikapita kidogo kidogo kwenye ngozi, macho na pua. Kinga ya miili yao ikaanza kuichukulia ngano kuwa adui. Kisha wakaanza kuvimba kope na kutokwa na vipele baada ya kula mkate au tambi walizokuwa wakila miaka yote. Baadhi yao walizidiwa kiasi cha kuhatarisha maisha. Sabuni hiyo iliondolewa sokoni mwaka 2011, na zaidi ya watu 2,000 walithibitishwa kupata mzio kwa njia hiyo. Watu hao walidhuriwa na sabuni, lakini walichonyimwa ni chakula.

Maneno ya kutafuta kwenye orodha ya viambato si mengi. Ngano huandikwa "wheat" au kwa jina la kisayansi "Triticum vulgare". Shayiri ni "barley" au "Hordeum vulgare", na rai ni "rye" au "Secale cereale". Maneno "hydrolyzed wheat protein" ndiyo yanayotaja protini ya ngano iliyovunjwa, nayo huonekana sana kwenye shampuu na dawa za kulainisha nywele. Shayiri ya uji, yaani "oat" au "Avena sativa", yenyewe si ngano, lakini mara nyingi huchanganyika na ngano shambani au kiwandani. Asiyeweza kusoma maandishi hayo madogo asione haya. Amwombe mtoto wa shule amsomee, au ayapige picha kwa simu kisha ayakuze.

Hata hivyo, kopo lililoandikwa kwamba halina gluteni linaweza kuwa na sumu. Maneno hayo hujibu swali moja tu, nalo ni swali la watu wachache. Swali linalomhusu kila mnunuzi wa Kitui na Makueni ni hili: je, kopo hili lina zebaki?

Zebaki ni madini mazito yanayoizuia ngozi kutengeneza rangi yake ya asili. Ndiyo sababu hutiwa kwenye baadhi ya krimu na sabuni za kujichubua. Anayejipaka huona uso umekuwa mweupe baada ya wiki chache na kudhani amefanikiwa. Asichokiona ni kwamba zebaki imepita kwenye ngozi, ikaingia kwenye damu na kufika kwenye figo. Mwaka 1972 madaktari walichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza uchunguzi wa wagonjwa 60 wa jijini Nairobi. Walikuwa watu wazima wenye ugonjwa wa figo unaofanya protini ipotee kwenye mkojo na mwili kuvimba. Wagonjwa 32, yaani zaidi ya nusu, walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Onyo hilo lilitolewa hapa hapa Kenya, zaidi ya miaka 50 iliyopita, na krimu za namna hiyo bado hupatikana zikiuzwa kwa siri.

Shirika la Afya Duniani limeeleza madhara mengine: vipele, makovu, ngozi kupoteza uwezo wa kupambana na maambukizi, wasiwasi, huzuni nzito na ganzi ya mikono na miguu. Zebaki haimdhuru aliyejipaka peke yake. Mvuke wake hubaki chumbani na kuvutwa na wote wanaolala humo. Hubaki kwenye taulo na mashuka. Mama mjamzito humfikishia mtoto aliye tumboni. Hivyo kopo moja lililofichwa chini ya mto huigusa nyumba nzima, pamoja na wasiojua kwamba lipo.

Zebaki si sumu pekee. Kuna haidrokwinoni, ambayo ikitumiwa kwa muda mrefu bila daktari huweza kuleta madoa meusi ya samawati kwenye mashavu, magumu kuondoka kuliko yale yaliyokusudiwa kuondolewa. Kuna pia steroidi kama vile "clobetasol" na "betamethasone". Hizo ni dawa za hospitali kwa magonjwa fulani ya ngozi. Zikipakwa usoni kila siku kama mafuta ya urembo, ngozi huwa nyembamba, huchanika michirizi na kuota chunusi. Na katika jua la Mutomo au Kibwezi, ngozi iliyopokonywa rangi yake imepokonywa kinga yake.

Sheria iko upande wa mnunuzi. Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, lilipiga marufuku miaka mingi iliyopita vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Kimataifa kuna Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako mwaka 1956 uligunduliwa rasmi ugonjwa wa wavuvi na jamaa zao uliotokana na kula samaki waliojaa zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda. Mkataba huo ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kwamba kufikia mwaka 2025 kipodozi chochote kilichotiwa zebaki kisitengenezwe wala kuvuka mipaka, hata kama kiasi chake ni kidogo.

Lakini sheria haisimami kando ya kila kibanda siku ya soko. Mnunuzi ndiye aliyepo, na anaweza kufanya mambo haya.

Kwanza, aligeuze kopo. Lisiloorodhesha viambato, lisilotaja mtengenezaji wala tarehe ya mwisho wa matumizi, alirudishe mezani. Krimu iliyopimwa kwa kijiko na kutiwa kwenye kikopo kisicho na maandishi asiinunue hata kama anayeiuza ni rafiki.

Pili, atafute maneno ya hatari: "mercury", "mercurio", "calomel", "mercurous chloride", "cinnabaris" au herufi "Hg". Onyo linalosema krimu isiguse dhahabu, fedha, alumini au mpira ni ishara kubwa, kwa maana zebaki huharibu metali. Kisichofaa kugusa pete hakifai kugusa shavu.

Tatu, akague alama ya ubora ya KEBS. Chini ya alama hiyo huwa na namba ya kibali. Anaweza kutuma ujumbe mfupi wenye herufi SM, alama ya reli (#) na namba hiyo kwenda 20023, kisha alinganishe jibu na bidhaa aliyoshika. Jina likitofautiana, kopo hilo limevaa nguo ya kuazima.

Nne, kipodozi kipya akijaribu kwanza ndani ya mkono, karibu na kiwiko, kidogo kila siku kwa wiki moja. Pakiwasha au kuvimba, akiache. Mwenye mzio wa ngano uliothibitishwa asijijaribu na kitu chenye ngano. Kwake orodha ya viambato inatosha.

Wapo wanaosema kwamba dawa ya haya yote ni kutumia vitu vya asili. Ukambani kuna vitu hivyo vya kujivunia. Nyuki wa Kitui hutoa asali na nta, na nta hiyo hulainisha midomo. Mibuyu ya Kibwezi na Kitui ina mbegu zinazokamuliwa mafuta ya ngozi. Nta safi na mafuta safi ya mbuyu hayana gluteni wala zebaki. Lakini neno "asili" peke yake si kibali. Zebaki nayo huchimbwa ardhini, na hakuna kitu cha asili kuliko jiwe. Tena wapo ambao ngozi zao hazipatani na mazao ya nyuki. Kwa hiyo vikundi vya akina mama na vijana vinavyotengeneza mafuta na sabuni viandike kila kilichotiwa ndani, mahali bidhaa ilikotengenezwa na tarehe. Vyombo vya kazi visiwe vile vinavyokandia unga wa ngano. Kibandiko cha kweli ndicho kitakachowafanya wateja warudi.

Aliyekwisha kutumia krimu ya kujichubua asilaumiwe wala kuchekwa. Wengi walinunua kwa sababu waliambiwa rangi yao ni kasoro, na aliyewaambia hivyo ndiye aliyekuwa na kopo la kuuza. Aache kuitumia, aifunge kwenye mfuko wa plastiki, kisha aende nayo katika zahanati au kituo cha afya ili wahudumu waone alichotumia. Asiichome, maana mvuke wake ni sumu, wala asiimwage kisimani au mtoni. Aliyejipaka steroidi kwa muda mrefu amwone daktari amwelekeze jinsi ya kuacha, kwa kuwa ngozi huweza kuwaka akikatiza ghafla. Akiona uso au miguu inavimba, au mkojo una povu jingi, asingoje. Na anayevimba midomo au kushindwa kupumua baada ya kula au kujipaka kitu akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo.

Anayejua mahali bidhaa hizi zinapouzwa amwarifu afisa wa afya ya umma wa wadi yake, au awapigie KEBS bila malipo kwa namba 1545. Kufanya hivyo si kumwonea mfanyabiashara. Muuzaji mwenyewe hushika makopo hayo kila siku, na huenda watoto wake wanayachezea nyuma ya meza.

Wahenga hawakukataza mtu kuupenda mkakasi. Walimwonya asiishie kwenye nakshi. Siku ya soko ijayo mnunuzi wa Kitui au Makueni atakaposimama mbele ya makopo yanayong'aa, achague moja, aligeuze, asome, kisha ndipo aulize bei.