Hesabu Kwanza, Mbao Baadaye

Leo tunazungumzia meza ya nyumbani, ya kulia chakula na ya watoto kuandikia. Mbao ni ghali, kwa hiyo piga hesabu kabla hujatoa pesa.

Tuseme unataka meza yenye urefu wa sentimita 120 na upana wa 60. Ubao wa futi 12 una sentimita 366 hivi. Ukikata vipande vitatu vya 120, umetumia 360. Sita zilizobaki zinatosha njia ya msumeno. Ubao ukiwa na upana wa sentimita 20, vipande vitatu vinatimiza 60. Ubao mmoja umemaliza uso wa meza! Lakini ukitaka urefu wa 125, utapata vipande viwili tu, na utalazimika kununua ubao wa pili.

Miguu je? Meza ya kimo cha 75, toa unene wa ubao, 2.5: kila mguu ni 72.5. Miguu minne ni 290.

Kabla ya kukaza misumari, pima fremu kutoka kona hadi kona inayoitazama, kisha pima kona zile nyingine mbili. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Visipolingana, isukume kidogo, upime tena.

Dukani nenda na futi kamba, kwani ubao ukipigwa randa hupungua. Na ukishakatwa mfupi, msikilizaji, haurefuki.