Hofu ya Kung'oa Jino: Ganzi, Dawa ya Kutuliza na Usingizi

Maandishi ya mazungumzo kuhusu afya ya kinywa kwa wakaazi wa Kaunti ya Kakamega



Yuko mwanamume anayeweza kukimbia alfajiri na mapema kando ya fahali wanaopigana kule Khayega, asijali pembe wala vumbi, lakini akionyeshwa sindano ya daktari wa meno miguu inamlegea. Si jambo la kuchekwa. Mahali ambapo kijana hufundishwa kusimama mbele ya kisu cha tohara bila kupepesa jicho, mtu mzima huona haya kumwambia daktari kwamba anaogopa. Basi hasemi. Hubaki nyumbani, hutafuna upande mmoja, hununua tembe za maumivu dukani, huweka karafuu kwenye tundu, na jino linazidi kuoza. Mficha maradhi kifo humuumbua, na jino linaweza kuua kweli, kama itakavyoelezwa mwishoni.

Mara nyingi hofu hiyo ina chanzo. Wengi waliwahi kung'olewa jino likiwa limevimba sana, na sindano, kama watu wasemavyo, "haikushika". Walisema kweli. Mahali penye usaha huwa na tindikali nyingi kuliko kawaida, na tindikali hiyo huidhoofisha dawa ya ganzi kabla haijaingia kwenye neva. Daktari akilijua hilo, anaweza kuchoma sindano mbali kidogo na uvimbe, kuongeza dawa kwa kiasi, au kutoboa jipu kwanza ili usaha utoke. Anayekuja jino likiwa linauma kidogo tu hupata ganzi nzuri kuliko anayengoja hadi shavu lijae.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hulichanganya ni hili: ganzi ni ya maumivu, dawa ya kutuliza ni ya hofu. Ni vitu viwili. Hata aliyepewa dawa ya kutuliza huchomwa sindano ya ganzi vilevile, maana utulivu peke yake hauzuii maumivu.

Kwa meno mengi ganzi yatosha. Dawa inayotumika zaidi ni lignokaini, ambayo mara nyingi huchanganywa na adrenalini kidogo ili idumu. Adrenalini hiyo inaweza kuufanya moyo udunde kwa dakika chache, na mgonjwa mwoga akadhani anazimia. Akiambiwa mapema hatashtuka. Jino linapotolewa atahisi kusukumwa na kuvutwa, na atasikia mlio ndani ya taya. Maumivu makali hayafai kuwepo. Akiyasikia, ainue mkono na daktari asimame. Makubaliano hayo madogo ya mkono hufanywa kabla ya kuanza, hayana gharama yoyote, na kwa watu wengi hupunguza hofu kuliko wanavyotarajia.

Wapo ambao hilo haliwatoshi, au kazi yenyewe ni kubwa: gego la mwisho lililolala ndani ya mfupa, kwa mfano, ambapo ufizi hupasuliwa na mfupa kuchongwa. Hapo ndipo dawa ya kutuliza inapoingia. Moja ni gesi ya naitrasi oksidi, inayovutwa kupitia kifuniko cha puani pamoja na oksijeni. Si ngeni: Horace Wells, daktari wa meno wa Hartford nchini Marekani, aling'olewa jino lake mwenyewe Desemba 1844 baada ya kuvuta gesi hiyo. Hufanya kazi kwa dakika chache, na huisha upesi mgonjwa akivuta oksijeni tupu. Haimfai mwenye mafua yaliyoziba pua, na mjamzito, hasa wa miezi ya mwanzo, aseme hali yake kabla. Mashine yake haipo katika kila kliniki, hivyo ni vyema kuulizia mapema.

Nyingine ni dawa za jamii ya diazepamu na midazolamu, za kumeza au za kuchoma kwenye mshipa. Mgonjwa huwa macho, huitika akiitwa, lakini hajali sana, na baadaye huenda asikumbuke mengi. Dawa hizi zinaweza kupunguza pumzi. Kwa hiyo anayezitoa lazima awe na oksijeni karibu, kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, na mtu wa kumwangalia mgonjwa wakati wote. Kununua tembe hizo kwa duka la dawa na kumeza nyumbani ili "kujipa moyo" ni hatari, na hatari huzidi ukiongeza pombe au chang'aa. Anayekunywa pombe, anayetumia dawa za kifafa, mwenye pumu au anayekoroma sana usiku akisitasita kupumua, amweleze daktari bila kuficha.

Usingizi kamili, ule watu wauitao nusukaputi, hutolewa katika chumba cha upasuaji hospitalini na mtaalamu aliyesomea kazi hiyo. Huwafaa mtoto mdogo mwenye meno mengi yaliyooza, aliyevunjika taya kwa ajali ya bodaboda, au mwenye uvimbe mkubwa kinywani. Kuuomba kwa sababu ya jino moja jepesi ni kujiongezea hatari na gharama bila sababu.

Kufunga kula kabla ya usingizi husumbua familia nyingi, kwa kuwa mzazi huona huruma. Chakula huachwa saa 6 kabla. Maji matupu yanaruhusiwa hadi saa 2 kabla. Mtoto anayenyonya huachishwa saa 4 kabla. Uji ni chakula. Chai ya maziwa pia ni chakula. Tumbo likiwa na kitu, kinaweza kupanda na kuingia mapafuni mgonjwa akiwa amelala.

Baada ya tembe, sindano ya kutuliza au usingizi, mgonjwa arudi na mtu mzima. Asiendeshe pikipiki, asiguse panga wala mashine, asitie sahihi karatasi za shamba kwa saa 24. Kwa mtoto aliyepigwa ganzi, mzazi aangalie asitafune mdomo wake; hubaki na ganzi saa 2 hadi 3, pengine zaidi.

Kuhusu malipo, muulizeni mhudumu kabla ya siku ya upasuaji ni nini kinacholipwa na bima ya SHA na ni nini kinachobaki kwa mgonjwa.

Sasa lile la kuua. Uvimbe wa jino ukishuka chini ya kidevu na shingoni, ulimi ukainuliwa, mgonjwa akashindwa kumeza mate, kufungua kinywa au kupumua vizuri, hapo usaha unaelekea kuziba njia ya hewa. Huyo hangoji miadi wala asubuhi. Apelekwe hospitali usiku huohuo, akiwa ameketi wima.