Somo kwa Redio: Mtoto Mwenye Usonji Shule Inapofungwa

Somo letu la leo lahusu mtoto mwenye usonji, na namna ya kumsaidia wakati maradhi ya kuambukiza yanapofunga shule. Mwalimu, tafadhali andika ubaoni maneno haya manne: usonji, ratiba, barakoa, zamu. Wanafunzi, yanakilini katika madaftari yenu. Nitangoja kidogo.

Vema. Tuanze na neno la kwanza.

Usonji ni hali inayotokana na jinsi ubongo unavyokua. Dalili zake huonekana tangu utoto. Mtoto mmoja huchelewa kusema, au hasemi kabisa. Mwingine husema sana, lakini hajui kupokezana maneno na mwenzake. Mmoja huziba masikio akisikia mashine ya kusaga. Mwingine hawezi kuvumilia nguo fulani mwilini mwake. Watoto hawa hawafanani. Usonji hauambukizi. Si laana, hauletwi na malezi mabaya, wala hauletwi na chanjo.

Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya kila watu 127 alikuwa na usonji. Fanyeni hesabu. Kata yenye watu 1,270 itakuwa na watu kama 10 wa namna hiyo. Je, mwawajua? Pengine baadhi yao wamefichwa ndani.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana ndilo kiini cha somo. Watoto wengi wenye usonji hupata utulivu kwa kujua kitakachofuata. Asubuhi uji, kisha njia ile ile ya shule, kisha mwalimu yule yule, kisha nyumbani. Utaratibu huo ni kama mkongojo kwa mtu anayechechemea. Ukiuondoa ghafula, ataanguka.

Mwezi Machi 2020 mkongojo huo uliondolewa kwa siku moja. Tarehe 11 ya mwezi huo Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba maradhi ya korona yalikuwa yameenea duniani. Katika siku chache shule zilifungwa Kenya, Tanzania na nchi nyingine nyingi. Tanzania ilizifungua shule zote mwishoni mwa Juni 2020. Katika Kenya madarasa machache yalirudi Oktoba 2020, na watoto wote walirudi Januari 2021.

Katika Kenya masomo yalitolewa kwa redio na televisheni. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini masomo hayo yalimfaa mtoto awezaye kuketi na kusikiliza. Mtoto asiyesema, aliyekuwa akifundishwa na mwalimu wake ana kwa ana, alipata nini? Mara nyingi alibaki na mama yake tu, au bibi yake. Naye mama hakuwa amefundishwa kazi ile. Mtoto alichukua mkoba wake, akataka kwenda shule. Alipozuiwa alilia, alijipiga, au hakulala usiku. Majirani walidhani ni utundu.

Walakini tusiseme kwamba watoto wote waliumia kwa namna moja. Wako waliopata nafuu nyumbani, kwa kuwa makelele ya darasani yaliwachosha. Kwao taabu ilikuja baadaye, shule zilipofunguliwa.

Nchi nyingine ziliona upesi kwamba amri moja haiwafai watu wote. Katika Hispania watu walikatazwa kutoka nyumbani isipokuwa kwa shughuli za lazima. Kabla ya mwezi Machi 2020 kwisha, serikali iliruhusu watu wenye usonji watoke kutembea pamoja na mlezi. Lakini majirani hawakujua. Walisimama madirishani wakawatukana wazazi waliokuwa nje na watoto wao. Basi jamaa nyingine zilifunga kitambaa cha buluu mkononi, ili watu waelewe. Wengine walikataa. Walisema, kwa nini mtoto wangu atiwe alama ndipo aheshimiwe? Uingereza nayo, mwezi Aprili 2020, iliruhusu watu wenye usonji kutoka zaidi ya mara moja kwa siku kama afya yao ilihitaji hivyo.

Twajifunza mambo mawili. La kwanza, amri yaweza kulegezwa kwa mwenye haja bila kuharibu kinga ya watu wote. La pili, haitoshi kulegeza amri. Jirani naye lazima aambiwe.

Sasa tutazame kazi ya nyumbani. Kazi hii yaweza kuanza leo, kabla maradhi mengine hayajaja. Shule hufungwa kwa mambo mengi: kipindupindu, mafuriko, na mengineyo.

Kwanza, tengeneza ratiba ya picha. Chukua boksi la karatasi ngumu, ulikate vipande kama kiganja. Kwenye kila kipande chora kitu kimoja kwa kalamu au mkaa: bakuli la uji, ndoo ya kuogea, ufagio, mpira, mkeka wa kulalia. Chini ya kila picha andika neno moja. Vipange kwa mstari ukutani, mahali mtoto awezapo kufika. Jambo likiisha, mtoto mwenyewe akigeuze kipande chake. Hapo ataona kwa macho kwamba hili limekwisha, na lile ndilo linalofuata. Ndugu mwanafunzi, kalamu unayojifunza kuishika katika darasa hili yatosha kwa kazi hiyo.

Pili, mweleze mabadiliko kwa maneno machache, na umwonyeshe. Usiseme, “Shule imefungwa kwa sababu ya hali ilivyo.” Sema, “Leo hakuna shule. Leo nyumbani.” Mpeleke mpaka lango la shule, aone kufuli. Kisha mrudishe kwenye ratiba yake, aone kwamba uji bado upo, na mpira bado upo.

Tatu, mzoeze barakoa polepole. Wengine hawawezi kustahimili kitambaa usoni. Siku ya kwanza mwache aishike tu. Siku ya pili ivae wewe, akuone. Siku nyingine mguse nayo shavuni. Kisha avae mkihesabu mpaka 5, halafu mpaka 10. Chagua kitambaa laini anachokipenda. Akishindwa kabisa, usimpige. Mkinge kwa njia nyingine: kumweka mbali na msongamano, kufungua madirisha, na kunawa mikono.

Nne, shikamaneni na mwalimu wake. Mwalimu asiyeweza kuja aweza kupiga simu mara moja kwa juma. Mazungumzo yawe mafupi: mtoto alifanya nini, wewe ulifanya nini, na juma hili tujaribu jambo gani moja? Jambo moja tu. Mzazi aliandike katika daftari. Shule ikifunguliwa, mwalimu atasoma daftari hilo na kuendelea kutoka pale mlipofika.

Tano, wekeni zamu. Hakuna mtu awezaye kumtunza mtoto huyu mchana kutwa na usiku kucha, miezi mingi, asichoke. Baba, shangazi, kaka mkubwa, kila mmoja awe na saa zake. Mlezi aliyechoka hukasirika, na hasira humwumiza mtoto. Kupumzika kwa mama ni sehemu ya matibabu ya mtoto.

Pengine mtauliza: je, mzazi asiye mtaalamu aweza kweli kufundisha? Naam, akifundishwa. Shirika la Afya Duniani limetunga mafunzo kwa walezi wa watoto wa namna hii. Mafunzo yenyewe ni mikutano 9 ya kikundi na kumtembelea mlezi nyumbani mara 3. Mlezi hufundishwa kucheza na mtoto, kuzungumza naye, na kutumia kazi za kila siku, kama kula na kuoga, ziwe somo. Anayewafundisha walezi si lazima awe daktari. Aweza kuwa mhudumu wa afya wa kijijini aliyeandaliwa vizuri. Kenya na Ethiopia ni miongoni mwa nchi ambamo mafunzo haya yamejaribiwa. Tangu mwaka 2022 yapatikana pia kwa njia ya intaneti.

Huduma iliyokaa shuleni peke yake ilifungiwa pamoja na shule. Lakini alichokwisha kujifunza mzazi hakikufungiwa. Kilikuwa nyumbani pamoja na mtoto. Basi waulizeni walimu na wahudumu wa afya wa mahali penu: je, mtatufundisha nasi?

Shule inapofunguliwa, msimrudishe mtoto kwa ghafula. Mpeleke langoni siku za kwanza, kisha akae darasani saa moja, kisha nusu ya siku. Ongeza picha ya shule kwenye ratiba yake siku kadhaa kabla.

Sasa mwalimu ataandika ubaoni sentensi hizi, nanyi mtazisoma kwa sauti:

Leo hakuna shule.
Kwanza tutakunywa uji.
Kisha tutafagia.
Kisha tutacheza mpira.
Baba ana zamu jioni.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Kwa nini mtoto mwenye usonji husumbuka siku yake ikibadilika ghafula?
2. Wazazi wa Hispania walihitilafiana juu ya kitambaa cha buluu. Wewe ungekubali kukifunga? Toa sababu.
3. Nyumbani kwenu, nani aweza kushika zamu, na saa ngapi?
4. Je, yuko mtoto mtaani kwenu ambaye haonekani nje? Ni nani awezaye kwenda kuwajulia hali wazazi wake?

Kazi ya nyumbani: kateni vipande 5 vya boksi, mchore na kuandika ratiba ya asubuhi. Asiye na mtoto wa namna hii amtengenezee jirani.